Sura ya Nne: Gari la Kwenda na Kurudi

Mtu akaaye Chalinze, ambaye riziki yake Mwenyezi Mungu ameijaalia iwe Dar es Salaam, huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akafuta umande katika kioo cha gari lake, akashika njia kuu ya Morogoro kuelekea mashariki. Akapita mizani ya Vigwaza, penye malori ya Zambia na Kongo yaliyopangana kama ngamia wa msafara, akavuka mto Ruvu, akapita Mlandizi na Kibaha, na jua linapochomoza humkuta usoni barabara. Jioni hushika njia ile ile kurudi magharibi, na jua lile lile ambalo asubuhi lilimkabili likipanda, humkabili tena likishuka. Kutoka Chalinze hata katikati ya mji ni kilomita mia moja na ushei. Tukikadiria 105, kwenda na kurudi ni 210. Na mtu akienda kazini siku nne kwa juma, kwa majuma 48 ya mwaka, atakuwa amekwenda kilomita 40,320. Dunia yenyewe, ukiizunguka katika mstari wa ikweta, ni kilomita 40,075. Basi mtu huyu, ambaye majirani humhesabu kuwa si msafiri, huizunguka dunia mara moja kila mwaka, na masalia humtosha kwenda Bagamoyo kwa njia ya Msata na kurudi.

Nami nimo katika hesabu hiyo, na katika sura hii nakusudia kuzungumza na mwenzangu wa njia hiyo, si na mwingine. Aendaye na gari sokoni na msikitini, na siku ya Ijumaa akalifuta vumbi, huyo ana ruhusa ya kununua gari lolote ambalo moyo wake umelipenda na mfuko wake umeliridhia, wala halitamdhuru. Lakini aliyeandikiwa kuwa njiani saa nne au tano kila siku ya kazi, haishi nyumbani mwake wala haishi ofisini, bali yuaishi garini. Na makazi hayachaguliwi kwa rangi ya milango.

Insafu yanilazimu niseme jambo moja kabla ya kuendelea. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme huchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, ikisimama Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Na mtu ambaye nyumba yake iko karibu na stesheni mojawapo, na kazi yake haiko mbali na stesheni ya mjini, asinunue gari kwa ajili ya kazi. Na apande treni, alale usingizi wake, na fedha zake azifanyie jambo jingine. Chalinze treni haipiti, na ndiyo sababu ya sura hii.

Swali la kwanza ambalo kila mnunuzi huliuliza ni hili: linakula mafuta kiasi gani? Ni swali la haki, walakini limekuja kabla ya zamu yake. Lililostahili kutangulia ni swali la kiti, maana gari la safari ndefu, ukiliondolea majina na mapambo yote, ni kiti kinachokwenda; na mtu akaaye juu ya kiti kibaya saa nne kwa siku hulipa gharama ambayo haiandikwi katika risiti ya kituo cha mafuta, bali huandikwa katika nyonga, katika shingo, na katika uchovu unaomfanya asinzie mbele ya lori la kontena saa kumi na mbili za jioni. Raha, kwa mtu wa njia hii, si anasa. Ni sehemu ya hesabu ya gharama.

Nilijifunza haya kwa hasara yangu mwenyewe. Gari langu la kwanza kwa safari hii lilikuwa kigari cha injini ya lita moja, chepesi, chenye sura ya kupendeza, ambacho nilisifiwa kwamba kinanusa mafuta tu, hakinywi. Na sifa ile haikuwa ya uongo. Lakini njia ya Chalinze ni njia ya malori. Malori na mabasi sheria imeyafunga yasipite kilomita 80 kwa saa, na penye vijiji kila chombo kimefungwa 50. Basi dereva wa gari dogo aghalabu hujikuta nyuma ya lori lenye tela, urefu wake yapata mita ishirini, akingojea mwanya wa kulipita, na mwanya ukija hauji kwa muda mrefu. Kigari changu, nilipokikanyagia mafuta katika mwanya ule, kililia kwanza, kikatafakari, ndipo kikaenda, na nyakati nyingine kabla hakijamaliza kutafakari basi la Mbeya lilikuwa limekwisha kuchomoza mbele yetu. Mwezi wa tatu nyonga ya kulia ilianza kuuma. Mwezi wa tano nikawa nikifika kazini hukaa dakika kumi garini, injini nimeizima, nikingoja masikio yaache kuvuma. Mwezi wa nane nikakiuza, na nilipoweka mafuta niliyoyaokoa upande mmoja wa mizani na bei niliyoipoteza upande wa pili, mafuta hayakufika nusu.

Sasa tuyatazame mafuta kwa hesabu, kwa kuwa hesabu huondoa vitisho vingi. Kwa kilomita 40,000 za mwaka, gari liendalo kilomita 16 kwa lita hutumia lita 2,500. Liendalo kilomita 14 hutumia lita 2,857. Na liendalo kilomita 10 hutumia lita 4,000. Tofauti ya lile la kwanza na la pili, ukiigawa kwa siku 192 za kazi, haifiki lita mbili kwa siku. Tofauti ya la pili na la tatu inakaribia lita sita kwa siku. Nasema, basi, kwamba mtu mwenye busara atakubali kutoa zile lita mbili, azinunulie kiti kipana, injini isiyopiga kelele, na nguvu ya kulipita lori bila kusoma shahada. Lakini zile sita hatazitoa, kwa kuwa zinanunua ufahari zaidi kuliko zinavyonunua raha. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, mimi huzidisha bei ile mpya kwa mbili na kwa sita, nikajua mwezi huo raha yangu ni kiasi gani na ufahari wa jirani yangu ni kiasi gani.

Asizitegemee mnunuzi zile takwimu za Kijapani zinazobandikwa kwenye matangazo ya magari. Kwa miaka mingi, mpaka kiasi cha mwaka 2011, Wajapani waliyapima matumizi ya mafuta kwa kipimo kilichoitwa 10-15, ambacho mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 70 kwa saa na wastani wake ulikuwa kiasi cha kilomita 23 tu. Na kipimo kilichokirithi, JC08, kilifika kilomita 80 na kitu, kikarudi chini. Vipimo hivyo vilifanywa kwa mji wenye mataa, si kwa nyika iliyonyooka baina ya Ruvu na Chalinze. Kwenye nyika adui wa mafuta ni hewa, nayo hewa haina huruma: upinzani wake hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, hata dereva aliyetoka kilomita 80 akaenda 110 huwa ameongeza mwendo kwa kiasi cha theluthi moja na zaidi kidogo, ilhali upinzani wa hewa umekaribia kuwa maradufu. Kwa sababu hiyo gari lenye umbo la chini, lenye buti nyuma na paa lililoteremka taratibu, hulishinda gari refu lenye kifua kama ukuta, hata injini zao zikiwa sawa. Wenye magari yale marefu hupenda kusema kwamba wanaona mbali. Ni kweli wanaona mbali; wanaviona hata vituo vyote vya mafuta.

Katika magari yanayopatikana kwetu kwa wingi, ambayo spea zake hazimfanyi mtu apige simu Dubai, mizani yangu huangukia magari ya buti ya Toyota yenye injini ya 1,500 mpaka 1,800: Premio na Allion, ndugu wawili waliozaliwa pamoja mwaka 2001 na wakapata umbo jipya mwaka 2007, na Corolla Axio iliyoanza mwaka 2006, pamoja na Fielder, ambayo ni dada yake mwenye mgongo mrefu wa kubebea mizigo. Injini ya 1,500 iliyomo katika mengi ya hayo, 1NZ-FE kwa jina lake la kiwandani, hutumia cheni badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda, na hakuna fundi chini ya mwembe baina ya Kibaha na Mikumi asiyeifahamu. Mimi binafsi naipenda Premio kuliko wenzake kwa sababu moja tu: viti vyake vilitengenezwa kwa watu wazima. Allion ni lile lile, ila limevaa nguo za ujana.

Mnunuzi atawasikia mafundi wakiuliza, kabla hawajafungua boneti, kama ni VVT-i au ni D4, na sauti zao zikashuka kwenye neno la pili kama watu watajao ugonjwa. Khofu yao ina asili. D4 ni injini inayonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shindikizo kubwa, na pampu na nozeli zake hazivumilii petroli chafu wala fundi wa kubahatisha. Hivyo Premio ya kizazi cha kwanza yenye injini ya 2,000, ambayo ndiyo D4, huuzwa kwa bei ya kushawishi kuliko ndugu zake, na ushawishi huo una maana yake. Juu ya hapo yako magari ya silinda sita kama Mark X yenye 2,500, ambayo kwa ulaini wa mwendo sina neno la kuyatia dosari. Mtu akiingia humo husahau kwamba anasafiri. Hayo ndiyo magari ya zile lita sita.

Magari ya mseto, yenye injini na mota ya umeme pamoja, yanataka maneno zaidi, kwa kuwa watu huyasifu au kuyalaani bila kutazama njia. Prius ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997, na Axio na Fielder zikapata umbo la mseto mwaka 2013. Siri yao ni kwamba huirudisha katika betri nguvu ambayo gari la kawaida huipoteza kwenye breki. Na kwa hiyo faida yao iko mahali penye kusimama na kuondoka, si mahali pa kwenda moja kwa moja. Mwenye safari ya nyika tupu hatapata faida kubwa. Lakini safari yetu ina mikia miwili, wa nyika na wa foleni: barabara imepanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, na daraja la Kijazi pale Ubungo lilifunguliwa Februari 2021, walakini foleni haikufa, ilihama tu. Na mtu ambaye saa nzima ya safari yake ni ya kutambaa, mseto utamrudishia fedha zake. Akague jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Betri kubwa hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, na mdomo wake uko karibu na kiti cha nyuma. Vumbi letu likiuziba mdomo ule, betri hupata joto na umri wake hupungua. Ingiza kidole pale. Kikitoka na utandu wa vumbi kama pamba, mwambie muuzaji asante, uende zako.

Nimefika sasa penye ghiliba, nami nitakaa hapa kitako.

Magari haya hutujia kutoka Japani kwa sababu nchi ile huyakagua magari yake kwa sheria kali iitwayo shaken, mara ya kwanza gari likifika miaka mitatu na baadaye kila miaka miwili, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo gharama ya kulipitisha inavyomchosha mwenyewe, hata akaona heri aliuze mnadani. Mnadani hukaguliwa na watu wasio na maslahi na mnunuzi wala muuzaji, nao huandika karatasi moja, na karatasi hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa ambacho mnunuzi wetu hana budi kukidai. Juu huandikwa daraja: 4 na 4.5 ni gari zuri lililotumika kwa adabu, 3.5 limeishi maisha ya watu, na R au RA maana yake limepata ajali likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari lililofumuliwa kama samaki wa kukaanga, wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni alama ya mahali palipotengenezwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa; na tarakimu iliyo karibu na herufi huonyesha ukubwa wa dosari. Mwenye yadi akikwambia karatasi imepotea, haikupotea. Imehifadhiwa usiione.

Na kilomita? Japani gari la mtu binafsi huenda, kwa kukadiria, kilomita 10,000 kwa mwaka au pungufu, kwa hiyo gari la miaka kumi lenye 80,000 si muujiza. Lakini pia si muujiza kwa fundi mwenye kompyuta ndogo kulirudisha ujanani kwa dakika ishirini. Nilipokuwa nikitafuta gari langu la pili nilifika katika yadi moja mjini, ambayo sitaitaja, nikaonyeshwa Premio nyeupe iliyong'aa kama yai lililomenywa. Dashibodi ilisoma 78,000. Kijana dalali, mwenye ulimi mtamu na viatu vyenye ncha, akaniambia: "Mzee wangu, gari hii ilikuwa ya mama mmoja wa Kijapani. Alikuwa anaenda nayo sokoni tu." Nikaufungua mlango wa dereva, nikainama, nikatazama kwenye nguzo ya mlango, mahali ambapo mafundi wa Kijapani hubandika kijikaratasi kila wanapobadilisha oili. Mabandiko matatu yalikuwa yamebanduliwa, yakabaki alama za gundi. La nne lilijificha chini, karibu na bawaba, limefifia lakini linasomeka: mwaka 28, mwezi wa 11, kilomita 131,400.

Mwaka huo 28 ni wa enzi ya Heisei, na msomaji auhifadhi ufunguo huu: ukijumlisha 1988 katika mwaka wa Heisei utaupata mwaka wa miladi, na katika mwaka wa enzi ya sasa, Reiwa, jumlisha 2018. Basi gari lile Novemba 2016 lilikuwa limekwisha kwenda 131,400, na kwetu limefika likiwa limerudi nyuma zaidi ya kilomita 53,000. Nikamwambia yule kijana: "Mwanangu, mama huyu alikuwa na soko la mbali." Akacheka, wala hakuona haya, akanionyesha gari jingine.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Penye kijikaratasi kilichobanduliwa tazama mpira wa pedali ya breki, kama umelika upande mmoja. Tazama usukani mahali pa saa tatu na saa tisa, kama ngozi imekuwa laini na inang'aa. Tazama ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, ambao huporomoka kwa kuingia na kutoka, si kwa kukaa. Uvute mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, na aghalabu utaikuta lebo yenye mwaka uliotengenezwa. Na wala usidanganywe na namba. Kwetu watu husema gari hili ni "namba D", lile ni "namba E", kwa majivuno kama watajao umri wa bibi harusi; ilhali herufi ile huonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, si lini lilizaliwa, na gari la 2006 laweza kuvaa namba ya juzi.

Kwa habari ya umri, wenzetu wa Kenya hawana mjadala, maana sheria yao hulikataa bandarini gari lililozidi miaka minane. Sisi hatukatazi, bali tunatoza: gari lililovuka miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu, na lililovuka kumi huongezewa zaidi, hata mara nyingine gari la miaka saba na la miaka kumi na moja, baada ya ushuru wote, hukaribiana bei zao kuliko ulivyotazamia. Hesabu hii ifanywe kabla ya kuagiza, si baada ya meli kutia nanga.

Karatasi zikiisha, hubaki gari lenyewe, na jaribio lake si la kuzunguka mtaa mmoja. Omba saa nzima. Muuzaji atanuna, mwache anune, mwekee mafuta. Nenda mpaka mahali unapoweza kufika kilomita 100 kwa ruhusa ya sheria, ukazungumze na aliye kando yako kwa sauti ile unayozungumzia mezani. Ikiwa mnalazimika kuinua sauti, mtainua kwa miaka mitano. Achia usukani kidogo ulione gari linaelekea wapi. Sikiliza kazi ya chini, yaani shokapu, bushi na viungio vya magurudumu, penye matuta ya vijiji, kwa kuwa kugonga kwa kitu kimoja chini ya sakafu hula matairi kwa siri. Washa kiyoyozi tangu mwanzo na usikizime, maana joto la pwani si la kuvumiliwa kwa vioo vilivyo wazi, na kwa mwendo wa nyika vioo vilivyo wazi navyo hula mafuta. Kisha ligeuze gari lilikabili jua, ukitazame kioo cha mbele: kioo kilichokwaruzwa na wiper kavu huonekana safi kivulini, na mbele ya jua la Kibaha saa moja asubuhi hugeuka ukungu, na lori lililosimama mbele yako likawa ndani ya ukungu huo.

Mwisho wa saa ile, shuka. Simama wima, ujisikilize mgongo.

Matairi nayo yana tarehe yake: ubavuni pana tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka, hivi kwamba 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu na umri wa miaka minane ni mzee aliyepaka nywele rangi. Na ukikuta rimu kubwa za inchi 17 zenye tairi nyembamba kama mkanda, ujue aliyelivisha gari hivyo alikuwa akilitazama kwa nje. Anayelikalia ataka inchi 15 na tairi lenye nyama. Redio ni jambo dogo kwa wengine, si kwangu: redio nyingi za Kijapani huishia FM 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, na mtu akisahau kulitengeneza jambo hili atasafiri mwaka mzima na sauti ya bibi wa Kijapani ikimwelekeza njia za Osaka.

Gari likishakuwa lako, liokoe na huruma ya mafundi. Fundi wangu wa kwanza, mtu mwema, aliing'oa thamostati kwa mkono wake na kunionyesha kwa fahari, akasema: "Mzee, hii ni ya nchi za baridi. Huku kwetu joto tupu." Kauli hiyo imeenea nchi nzima, nayo ni ya makosa: thamostati kazi yake ni kuifikisha injini haraka katika joto lake la kufanyia kazi na kuiweka hapo, na injini iliyong'olewa thamostati huenda nyika nzima ikiwa na baridi kiasi, ikijimwagia petroli zaidi na kulika mapema. Gari likipata joto kupita kiasi, ugonjwa uko katika rejeta, pampu au feni. Mlinzi hana hatia. Kadhalika giaboksi ya CVT isitiwe oili ya giaboksi ya kawaida hata kwa kuazima, kwa kuwa haitaumwa leo, itakufa mwezi wa pili njiani. Na kwa mwendo wetu wa 40,000 kwa mwaka, mwenye kubadilisha oili ya injini kila kilomita 5,000 atambue kwamba hiyo ni mara nane kwa mwaka, aitie katika bajeti pamoja na seti nzima ya matairi kila baada ya mwaka mmoja hivi.

Gari nililolinunua mwishowe ni Premio ya rangi ya fedha, ya mwaka 2010, injini ya 1,500, karatasi yake ya mnada daraja 4, herufi A tatu na U moja kwenye bampa la nyuma. Siku niliyolipokea lilisoma 92,000, na vijikaratasi vya mlangoni vilikubaliana nalo. Ni miaka mitatu sasa. Limekwisha fika 213,000, limebadilishwa shokapu za mbele mara moja na bushi mara mbili, kioo cha mbele ni kipya, na sifongo ya kiti cha dereva fundi aliitia nyingine mwaka jana. Hunipa kilomita 14 kwa lita nikienda kwa adabu, na 13 nikichelewa. Nyonga yangu haijauma tena.